Viti vya Marehemu Baba Mkwe

Tantine, jambo sana.

Mimi ni mama wa miaka 36, nina watoto wanne, tunakaa hapa Lubumbashi katika lupango, yaani kiwanja na nyumba yake, alilotuachia baba mkwe. Ninauza vitenge soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa mjini. Bwana yangu ni mwalimu wa sekondari. Tunakaa na mama mkwe, ana miaka 74. Wengine wanakuandikia habari za ndoa zinazovunjika. Mimi naleta habari ya viti. Lakini viti hivi vimeninyima usingizi mwezi mzima, na nyumbani watu hawaongei tena vizuri.

Saloni yetu, yaani sebule, ina mita 4.20 kwa 3.60. Mlango wa nje na mlango wa korido vinatazamana, vyote viwili upande wa jikoni. Upande wa pili kuna bufe iliyobeba televisheni. Kati ya milango na bufe ndipo ilipo saloni ya mzee, yaani viti vyake: fotei nne, viti vya mtu mmoja vyenye mikono, na benchi ya watu watatu, za mbao nyekundu nzito. Kuhamisha fotei moja kunanitoa jasho.

Baba mkwe alikuwa fundi umeme kwenye kampuni ya madini. Alivitengenezesha mwaka 1978, alipopandishwa cheo. Mwaka 2003 alipotoka kazini maisha yaligeuka. Friji iliuzwa, redio kubwa iliuzwa, baiskeli iliuzwa, cherehani ya mama iliuzwa. Viti havikuuzwa. Habari hiyo nimeisikia tangu siku niliyoingia nyumba hii, na kila mgeni anasimuliwa. Mzee alifariki 2016. Fotei yake ni ile iliyo karibu na dirisha. Kwenye mkono wa kuume kuna duara jeupe la kikombe chake cha chai, na mbele ya duara mbao imelainika kama sabuni, kwa sababu ya kiganja chake. Hakuna anayekaa pale. Hakuna aliyekataza, ila hakuna anayekaa.

Sasa mimi ninayeishi na viti hivyo nakuambia ukweli. Sponji imekufa, ukikaa magoti yanapanda hadi kifuani. Msumari wa benchi umenichania vitenge viwili. Vyote vimeegemezwa ukutani kuzunguka chumba, watu wanakaa kama wanaosubiri daktari.

Mwezi wa tano zamu yangu ya likelemba, mchango wa kupeana fedha kwa zamu, ilifika. Tuko mama kumi na wawili, kila mmoja dola 75 kwa mwezi, mimi nilikuwa wa tano. Nimepata dola 900. Mjini niliona saloni ya watu saba, ngozi bandia rangi ya maziwa: kochi ya watu watatu mita 2.20, ya watu wawili mita 1.70, na fotei mbili za mtu mmoja, kila moja sentimita 105. Mikono yake minene. Kina ni sentimita 95. Bei ni dola 1,250, na mwenye duka amekubali nilipe 900 sasa, 350 kwa miezi mitatu. Katikati ya Agosti wakwe wa wifi yangu mdogo wanaleta mahari, watu kama ishirini, na watapokelewa kwetu. Nataka wakute saloni ya watu.

Nilimwonyesha bwana yangu picha kwenye simu. Akasema, "Fanya unavyoona," akaacha bukari, ugali wetu, kwenye sahani, akatoka nje. Wifi mkubwa alikuja kutoka Likasi, naye akaona picha. Akasema, "Ukitoa viti vya baba umemtoa baba. Mama atakufa kwa huzuni." Mama mwenyewe hasemi kitu. Yeye tangu asubuhi yuko kwenye kiti chake cha plastiki pale mlangoni, anachambua maharage, anaangalia njia.

Kuna jambo lingine. Juu ya benchi imetundikwa picha ya Mamba Muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki na saa mkononi. Baba mkwe aliinunua zamani, imechorwa kwenye gunia la unga. Mama mmoja wa kikundi chetu cha maombi aliiona akasema ni mlango wa pepo, niichome kabla ya wakwe kufika. Tangu siku hiyo nikipita chini yake najisikia vibaya.

Tantine, nimeolewa miaka 13. Katika saloni hii hakuna kitu hata kimoja nilichochagua mimi, hata rido, mapazia ya dirisha, zilichaguliwa na wifi. Wageni wakiingia wanasema, "Nyumba ya mzee imetunzwa vizuri." Hawajui, lakini neno hilo linaniuma. Mimi ndiye ninayeitunza.

Ninunue au niache? Na nikinunua, vile vya zamani nivipeleke wapi bila vita?

Mama wa vitenge, Lubumbashi

*

Mdogo wangu, jambo sana.

Barua yako niliisoma mara mbili. Mara ya pili nilichukua karatasi nikachora chumba chenu kwa vipimo ulivyonipa, nikaweka milango, nikaweka bufe, nikaanza kupanga viti. Nimekaa humo na wewe karibu saa nzima. Kwa hiyo usinihesabu kati ya watu watakaokuambia kwamba viti ni viti tu. Una fedha mkononi, una sherehe mbele yako, una bwana aliyenyamaza, una wifi aliyekutisha na kifo cha mama, na chini ya hayo yote una miaka 13 ya kufuta vumbi kwenye kitu kinachoitwa cha mtu mwingine. Huo ni mzigo wa kweli.

Hapa kwetu neno saloni lina mambo mawili ndani yake. Saloni ni chumba, na saloni ni viti vyenyewe. Mtu anasema "nimenunua saloni" na kila mtu anaelewa ni kochi na fotei zake. Katika barua yako mambo hayo mawili yameshikana, nami ningependa tuyaachanishe kidogo. Unachokitaka ni viti vipya, au ni kuingia chumbani na kuhisi kwamba chumba ni chako? Huenda ni vyote viwili. Lakini mtu anaweza kulipa dola 1,250 kwa kile cha kwanza na bado akakikosa cha pili, hasa ikiwa kochi mpya itaingia nyumba yenye watu walionuna.

Sasa niruhusu nikuulize habari ya mama mkwe. Umeniandikia alichosema bwana yako, alichosema wifi, hata alichosema mama wa maombi. Sauti ya mama sijaisikia. Wifi ndiye aliyesema mama atakufa kwa huzuni. Je, kuna mtu aliyemuuliza mama?

Nauliza kwa sababu ya mambo mawili uliyoyaandika ukayapita haraka. La kwanza, mwaka 2003 viti havikuuzwa, lakini cherehani ya mama iliuzwa. Katika nyumba yenu jambo hilo linasimuliwa kama habari ya viti kubaki. Sijui mama analisimulia vipi moyoni mwake. Mwanamke aliyekuwa na cherehani alikuwa na kazi ya mikono yake na fedha ya mfukoni mwake. Inawezekana aliitoa kwa moyo mweupe ili mume wake asione saloni yake ikibebwa nje na watu wa sokoni. Hilo ni pendo kubwa, na viti hivyo kwake vingekuwa na thamani mara mbili. Inawezekana pia hakuulizwa. Wewe huna jibu, mimi sina, na nina shaka kama wifi analo.

La pili, mama hakai kwenye viti hivyo. Unasema magoti yako wewe wa miaka 36 yanapanda hadi kifuani. Fikiria magoti ya miaka 74. Ukitaka mzee ainuke bila kushikwa mkono, anahitaji kiti cha sentimita 45 hadi 48 kutoka chini, na kisichozama. Chukua mita yako ya kupimia vitenge, pima fotei ya mzee pale kitako kinapofika mtu akishakaa, kisha pima kile kiti cha plastiki. Labda mama anapenda mlangoni kwa sababu ya njia na watu wanaopita. Labda yuko mlangoni kwa sababu saloni ya nyumba yake imemshinda kuikalia.

Ukimuuliza, usimuulize mbele ya bwana yako wala wifi, na usianze na "nataka kutoa viti," kwa sababu swali la namna hiyo linamlazimisha achague kati yako na marehemu. Kaa naye mchambue maharage. Muulize mzee alivitengenezesha kwa nani, na siku vilipofika nyumbani ilikuwaje. Muulize habari ya cherehani yake. Halafu muulize, "Mama, wewe ungependa kukaa wapi humu ndani?" Ujue pia kwamba kuuliza kuna hatari yake. Anaweza kukujibu kwamba anavitaka vyote vilevile vilivyo, na ukishasikia kwa kinywa chake hutaweza kufanya kama hujasikia. Au anaweza kusema "fanya tu, mwanangu" huku akimaanisha kinyume, kama wazee wetu wanavyofanya wasipotaka kuwa mzigo. Mpe siku kadhaa, uangalie anafanya nini baada ya mazungumzo.

Na bwana yako? Alisema "fanya unavyoona," akaacha chakula. Wewe umesikia ukali. Mimi nikisoma naona mtu aliyekosa maneno. Mtoto wa kiume aliyemwona baba yake akiuza vitu vya nyumba kimoja baada ya kingine, kisha akabaki na viti, hawezi kuvizungumzia kama anavyozungumzia bei ya sukari. Sijui kama ndivyo ilivyo. Lakini jaribu kumuuliza kitu kidogo kuliko "ninunue au nisinunue". Muulize ni kipi katika vile viti asichoweza kukiachia. Nadhani tayari unajua jibu, liko karibu na dirisha. Ikiwa ni fotei moja tu, basi vita mnayoiogopa ni ndogo kuliko mlivyofikiri. Ikiwa ni vyote, ni heri ulijue hilo kabla ya kulipa.

Wifi mkubwa usimhukumu haraka. Likasi ni kama kilomita 120. Anayekaa mbali na nyumba ya baba yake anaibeba kichwani jinsi alivyoiacha, na akija anataka kuikuta hivyo. Wewe unayekaa humo unaona msumari na sponji. Yeye anaona baba. Mnaangalia viti vilevile. Isipokuwa rido ningependa nizirudie baadaye, maana hapo pana kitu.

Turudi kwenye karatasi yangu. Milango yako inatazamana, kwa hiyo kuna njia inayokatiza chumba upande wa jikoni, na njia ya watu wanaobeba sahani inahitaji sentimita 90 hivi. Katika mita 4.20 umebaki na 3.30. Bufe upande wa pili inakula kama sentimita 45. Umebaki na mita 2.85 kila ukuta wa kukaa. Ukuta mmoja unapokea kochi ya watu watatu, 2.20, na inayobaki haitoshi fotei ya sentimita 105. Ukuta wa pili unapokea kochi ya wawili na fotei moja, jumla 2.75, zimebanana. Fotei moja inabaki njiani. Labda utoe bufe, labda mkae na fotei katikati ya njia ya jikoni, labda ununue saloni ya watu saba ikae watu sita. Tena kochi mbili zikitazamana, kila moja na kina cha 95, kati yao inabaki mita 1.70. Weka meza ya upana wa sentimita 60, zinabaki 55 kila upande. Kukaa mtakaa, ila mtu akitaka kupita mwingine lazima akunje miguu.

Usiniamini mimi, iamini chaki. Siku moja asubuhi toeni viti vyote kwenye lupango, chora ile saloni mpya chini kwenye sakafu kwa vipimo vya dukani, kuanzia ukingo wa mkono mmoja wa kiti hadi wa mwingine. Waambie watoto wakae ndani ya mistari. Pita na sinia. Fungua mlango wa nje hadi mwisho. Pima na uwazi wa mlango wenyewe kati ya fremu na fremu: ukiwa 80, kochi yenye kina cha 95 haiingii ikiwa imesimama, lazima ilazwe au ifunguliwe miguu, na hilo muulize mwenye duka kabla ya kulipa. Sisemi hayo kwa ajili ya siku ya kuingia tu. Unajua kikitokea kilio hapa mjini nini hufanyika: saloni inatolewa nje, mikeka inatandikwa ndani, watu wanaketi chini. Fotei za mzee zinatoka moja moja, zinasimama chini ya mti, wazee wanazikalia. Naamini mwaka 2016 zilifanya kazi hiyo.

Halafu hesabu. Hili nakuambia kama dada, kwa sababu nimeona likelemba ikiwadanganya wengi. Zile dola 900 si zote akiba yako. Ulikuwa wa tano, kwa hiyo uliyokwisha kutoa ni 375. Zinazobaki, 525, ni deni la wenzako ambalo utalilipa 75 kila mwezi kwa miezi saba. Ukiongeza 350 za duka, kwa miezi mitatu utatafuta karibu dola 192 kila mwezi kutoka vitenge na mshahara wa mwalimu. Ukianza Julai, malipo ya mwisho yanaangukia Septemba, watoto wanne wanapoanza masomo. Wewe ndiye unayejua soko linakupa nini, pengine linatosha. Na wakwe ni ishirini. Viti vya sasa vinakaa saba, vipya navyo saba kwa jina. Viti vya plastiki vya kukodi vitakuwepo kwa vyovyote.

Ngozi bandia rangi ya maziwa inang'aa vizuri kwenye picha, na sikatai kwamba siku ya mahari itapendeza. Kwa hali ya hewa yetu, miezi ya ukame vumbi jekundu litaonekana juu yake kila saa, ingawa inafutika kwa kitambaa chenye maji. Oktoba inashika mgongo kwa jasho. Ile ya bei ya chini huanza kubanduka magamba baada ya miaka michache, kwanza kwenye mikono na pale kichwa kinapoegemea, na ikibanduka haishoneki. Kuna iliyo bora. Mwambie mwenye duka akuruhusu kuiona kwa chini: fremu ni ya mbao ngumu au ni vipande vya sanduku? Inua kona moja ya kochi. Mguu wa pili wa mbele ukichelewa kuinuka, fremu inapinda.

Na za zamani? Mbao nyekundu nzito ya mwaka 1978 yaweza kuwa mulombwa, unaoitwa pia mukwa, ule mti unaotoa utomvu kama damu ukikatwa. Mafundi wanaupenda kwa sababu hauchezi sana kati ya masika na ukame. Kama hakuna vitundu vyenye unga mpya wa wadudu, fundi mzuri atazifungua, atatoa misumari, atazibana upya kwa gundi, atapiga msasa na verni. Sponji ndiyo roho ya kazi. Usikubali nyepesi. Ya kukalia iwe na uzito wa kilo 30 kwa mita ya ujazo au zaidi. Kipande cha 55 kwa 55, unene wa 12, kitakuwa na kilo moja na kidogo. Kiweke kwenye mizani sokoni, hakuna atakayekudanganya. Fundi anaweza pia kuongeza miguu ya chini ili kiti kipande kufikia magoti ya mama.

Najua watu wengi wangekushauri hivyo na kufunga barua. Mimi nasita. Ukikarabati viti vya mzee kwa fedha yako, wageni wataingia watasema tena nyumba ya mzee imetunzwa vizuri, na safari hii utakuwa umelipia neno linalokuuma. Kwa mwanamke mwingine lingekuwa jambo jepesi. Kwako sina hakika, na wewe ndiye wa kujipima. Ipo njia ya katikati: fotei ya mzee na nyingine moja zibaki, zimerekebishwa, kochi moja mpya uliyoichagua wewe iingie, benchi iende barazani, na fotei mbili zipewe wifi mkubwa aende nazo Likasi. Kumpa kitu cha baba yake kunaweza kumtuliza kuliko maelezo. Kunaweza pia kumfanya aseme umegawa urithi, kwa hiyo neno hilo litoke kinywani mwa mama au mwa bwana yako, lisitoke kwako. Na ipo njia ya kungoja hadi likelemba iishe. Hatari yake ni kwamba umengoja miaka 13 tayari, na kungoja kunaweza kugeuka kuwa tabia.

Lipo la bure unaloweza kufanya leo. Viti vinavyobanwa ukutani vinafanya watu wapigiane kelele. Vuteni benchi mbele kiasi cha mkono mmoja, fotei mbili zitazame benchi, moja igeuke kidogo kuelekea dirisha, kila mtu aweze kufikia meza bila kuinuka. Kaeni hivyo wiki moja. Wifi akiuliza, hakuna kilichotoka.

Kuhusu Mamba Muntu, imani yako siigusi. Ukipita chini ya kitu na moyo ukashtuka, hiyo ni sababu ya kutosha ya kukiondoa ukutani. Nikupe tu upande wa pili. Picha hizo, zilizochorwa kwenye magunia ya unga, zilikuwa kwenye saloni nyingi za wafanyakazi wa mji huu katika miaka ya 1970. Wachoraji walikuwa majirani, mmoja wao, Tshibumba Kanda Matulu, alichora historia nzima ya nchi picha kwa picha. Wengi waliitundika kama pambo la mtu aliyefanikiwa, na wengine walikuwa na hofu yao kama wewe. Kwa nini mzee aliinunua, mama anaweza kujua. Kuiteremsha, kuikunja vizuri na kuikabidhi kwa bwana yako ni jambo unaloweza kulirudisha nyuma. Kuichoma huwezi, na picha si yako peke yako.

Sasa rido. Wewe unachagua nguo kila siku. Wanawake wa soko la Kenya wanakuuliza rangi ipi imwendee bibi harusi, ipi ya kilio, na wanakuamini. Kwa nini dirisha lako lina nguo iliyochaguliwa na wifi? Ulikatazwa, au hukuthubutu, au ilitokea tu mwaka wa kwanza ukaiacha? Ninauliza kwa upole kabisa, maana majibu hayo matatu hayaelekei mahali pamoja. Ikiwa ulikatazwa, hilo ni neno la kumwambia bwana yako waziwazi, na kochi haitalimaliza. Ikiwa hukuthubutu, unaweza kuanza na mita sita za kitambaa kizito kabla ya dola 1,250, uone nyumba inasemaje na wewe mwenyewe unajisikiaje ukikaa chini ya dirisha ulilolivisha.

Mpaka katikati ya Agosti bado una wiki kadhaa, na mwenye duka ataendelea kuwa na viti. Anza na chaki na mita. Mama akikujibu, niandikie alichosema kuhusu cherehani.